Baiskeli Isiyo na Pedali

Kwenye kona ya duka la mboga Chizuru aliangalia mbele, akaangalia nyuma, kisha akaanza kukimbia. Mkono mmoja ulishika usukani wa baiskeli, mwingine ulishika kiti, na baiskeli ikamfuata ubavuni kama mbuzi anayepelekwa sokoni bila hiari yake. Kwenye kikapu cha mbele, aproni na glavu za mpira zilirukaruka. Ilikuwa Juni, mvua ilikuwa imenyamaza kidogo tu kuvuta pumzi, na hewa ya mashariki ya Tokyo ilikuwa nzito kama taulo lililoloa.

"Bi Matsuo!" Bi Omata, mwenye duka, alipaza sauti kutoka nyuma ya mafungu ya vitunguu. "Tairi limepasuka tena?"

"Limepungua upepo kidogo!"

"Jana upepo, juzi mnyororo. Hiyo baiskeli ina maradhi mengi kuliko hao wazee unaowahudumia!"

Chizuru alicheka bila kusimama. Hakuwa na pumzi ya kutunga uongo mwingine. Tairi halikuwa na neno. Baiskeli ile ya kijani ilikuwa nzima, tangu kengele hadi taa ya nyuma. Mwenye kasoro alikuwa yeye. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Kwao Nagasaki hilo si jambo la kuonea haya. Mji ule umekwea mlima, nyumba zimesimama mabegani pa nyumba nyingine, na njia nyingi ni ngazi. Mumewe, Yoshiharu, alikuwa tarishi. Alizipanda ngazi hizo na mkoba wa barua tangu ujana mpaka alipostaafu, na alikuwa na msemo wake aliopenda kuurudia akikanda miguu jioni: "Watu wa tambarare wana magurudumu, sisi tuna magoti." Januari alifariki. Majira ya kuchipua Chizuru aliuza nyumba ya ngazini, akaja Tokyo kuwa karibu na binti yake, akapanga chumba kimoja, akatafuta kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao.

Kilichomponza ni neno moja. Siku ya mahojiano, Bi Nagumo, mkuu wa ofisi, mwanamke mwembamba anayeongea kama anayewahi treni, alimuuliza, "Baiskeli, je?" Chizuru alidhani anaulizwa kama angependa kupewa. Akainamisha kichwa kwa adabu, akajibu, "Daijobu."

Neno hilo lina milango miwili. Ukianguka, watu wakakukimbilia, ukajibu daijobu, maana yake ni sijambo, naweza. Ukikaribishwa kikombe cha pili cha chai, ukajibu daijobu, maana yake ni asante, sihitaji. Chizuru aliingia kwa mlango wa pili. Bi Nagumo alikuwa akimngoja kwenye ule wa kwanza.

Kesho yake alikabidhiwa ufunguo wa baiskeli mbele ya wahudumu wenzake, ambao tayari walikuwa wamevaa kofia za kujikinga na kukanyaga pedali. Wengine walikuwa na wajukuu. Angesema nini? Katika mtaa huu bapa kama sinia, hata bibi aliyepinda mgongo hupita akiwa na mafungu ya vitunguu kikapuni, kengele ikilia kumwondoa kijana njiani. Chizuru aliinama, akashukuru, akaisukuma baiskeli hadi kona ya kwanza. Toka siku hiyo, penye macho alitembea nayo kama mtu mwenye tairi bovu, pasipo macho alikimbia.

*

Mzee Inokuma alikuwa amelala karibu na dirisha lililofunguka kwenye kichochoro. Enzi zake alikuwa mpeleka tambi wa mkahawa mmoja wa soba. Mkono wa kulia ulishika usukani, na begani kushoto alibeba mnara wa sinia na bakuli za supu, akipenya kati ya magari bila kumwaga hata tone. Kiharusi kiliuchukua upande ule ule wa mnara. Mdomo wake kiliuacha.

"Kaa," alisema kabla Chizuru hajamaliza kuvua viatu.

"Mzee, kwanza nikupime joto..."

"Kaa! Wewe ndiye wa kupimwa. Unahema kama mbwa wa Agosti."

Chizuru alikaa. Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni.

"Mimi toka hapa sioni njia, lakini nasikia," mzee alisema. "Mleta gazeti: kiii! Yule wa posta: krrr, mvivu wa kutia mafuta. Mtawa wa hekaluni: kiii, halafu kikohozi. Kila mtu huanza na breki. Wewe peke yako huanza na miguu. Pa-pa-pa-pa! Halafu kuhema. Halafu unasema 'habari za leo' kama vile umeteremka kwenye teksi."

Chizuru aliikunja aproni, akaikunjua.

"Hujui kupanda," mzee alisema.

"Sijui."

Kisha mzee alianza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa uso, mpaka machozi yakamtoka naye akaomba afutwe. "Mwezi mzima! Unakimbiza baiskeli mwezi mzima! Kwa nini hukuiacha ofisini?"

"Wangeniuliza."

"Na sasa?"

Sasa mambo yalikuwa yamefika ukingoni. Asubuhi hiyo hiyo Bi Nagumo alikuwa amemwambia kwamba Alhamisi atafuatana naye kwenye mzunguko mzima, kama anavyofanya kwa kila mhudumu mpya, na kwamba ameongezewa nyumba moja ng'ambo ya daraja. Daraja hilo halikimbiliki, refu kama siku ya kufunga. Chizuru alieleza yote hayo akiwa amekodolea macho mkeka.

"Akijua, kazi sina," alimalizia. "Na nikikosa kazi, chumba nakiachia. Nitakwenda kulala sebuleni kwa binti yangu, mkwe wangu awe ananiruka kila akienda chooni."

"Ana miguu mirefu?"

"Mifupi, Mzee."

"Basi ni hatari," mzee alisema kwa uzito. "Leo Ijumaa. Jumapili asubuhi njoo unichukue."

"Jumapili si siku yangu ya kazi."

"Ndiyo maana. Jumapili wewe si mhudumu, wala mimi si mgonjwa. Na umwambie Omata wa mboga aje. Atatuletea hiyo baiskeli, wewe utanisukuma mimi. Mpaka hapo utakuwa umesukuma vya kutosha."

*

Ilibidi Bi Omata aelezwe. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kabichi, akaiweka chini polepole.

"Huko kwenu Nagasaki hakuna baiskeli?"

"Zipo chache. Ni ngazi tupu."

"Mwizi wa baiskeli huko anakula nini, masikini?" Jumapili asubuhi akaruka juu ya kiti cha baiskeli ya kijani, aproni yake ya dukani ikipepea, akatangulia mbele yao hadi kwenye tuta la mto Arakawa, akiimba.

Juu ya tuta kuna njia pana ya lami, upande mmoja maji, upande mwingine mapaa ya mtaa. Chini, uwanjani, wanaume wenye vitambi walikuwa wakicheza besiboli. Mzee Inokuma aliomba kiti chake cha magurudumu kifungwe breki pale ambapo angeona mbali pande zote mbili. Alikuwa amevaa shati jeupe, limepigwa pasi. Kutoka chini ya blanketi la magotini alitoa spana.

"Ng'oa pedali."

"Ning'oe?"

"Zote mbili. Na kiti kishushwe mpaka nyayo zako zilale chini. Anayeanza haanzi na pedali. Anaanza na miguu yake mwenyewe. Pedali zitakuita zenyewe siku yake ikifika."

"Siku yake ni Alhamisi, Mzee."

"Basi zitakuita upesi."

Chizuru aliketi. Baiskeli isiyo na pedali ilikuwa kitu cha ajabu kati ya mapaja yake, kama punda aliyezaliwa jana. Alisukuma ardhi kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Magurudumu yakazunguka kidogo, yakayumba, akakanyaga chini. Tena. Yakayumba, yakaenda nyasini. Tena. Wazee waliokuwa wakitembea kwa mazoezi walimpita, mmoja akamwambia, "Jikaze!" naye akaona haya mpaka masikioni.

"Unatazama wapi?" mzee alifoka.

"Gurudumu!"

"Gurudumu linajua kazi yake! Mimi ningezitazama bakuli, mtaa mzima ungeoga supu. Tazama mbali! Tazama lile daraja!"

Chizuru aliinua uso. Daraja la treni lilikuwa mbali, jembamba, na treni ilikuwa ikilivuka. Akasukuma ardhi, moja, mbili, akainua nyayo. Njia ikateleza chini yake. Haikuyumba. Aliisikia hewa ikipita kwenye shingo, akaisahau miguu, kisha akashtuka kuiona inaning'inia, na kwa mshtuko huo akaingia kwenye mabua marefu ya kando na kutoweka kabisa.

Bi Omata alikuja mbio. "Mzima?"

"Mzima!" mabua yalijibu. Chizuru alitoka na majani kwenye nywele, goti likivuja damu, na meno yote nje. "Mmeona? Mmeona nilivyokwenda?"

"Tumeona pia ulivyofika," alisema Mzee Inokuma. "Una miguu ya farasi na roho ya kuku. Nenda tena."

Alikwenda tena. Alikwenda mpaka wacheza besiboli walipofungua vyakula vyao. Kisha mzee alinyoosha mkono wake mzima, uliokuwa na pedali mbili, akampa.

Kukanyaga kulikuwa kitu kingine. Mapaja yaliyopanda ngazi tangu utotoni yalikuwa na nguvu iliyokuwa ikingoja kazi bila kujijua, na yalipopewa pedali yakazikamata kwa uchu. Mkanyago mmoja ukawa mwendo wa hatua kumi. Lami ikaanza kuimba chini ya tairi. Nyasi zikawa ukanda mmoja wa kijani, mto ukakimbia naye sambamba, na mapafu yake yakafunguka kama madirisha ya nyumba iliyofungwa tangu masika. Alicheka kwa sauti, peke yake, mdudu akamwingia mdomoni, akamtema na kuendelea kucheka. Tazama mbali. Akatazama mbali. Akajiambia: nikifika nyumbani nimhadithie Yoshiharu, hataamini.

Ndipo akakumbuka.

Lakini baiskeli haimngoji mwenye huzuni. Ukiacha kukanyaga, unaanguka. Akakanyaga. Machozi yalimtoka yakapeperushwa na upepo kuelekea masikioni, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta, na miguu yake ikaendelea kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama inayopanda ngazi za kwao bila ya kuinuka.

Alipogeuza kwenye uwanda mpana na kurudi, aliona kiti cha magurudumu kikimjia kwa kasi ya kutisha.

"Mzee! Mzee! Nasimamaje?"

Katika kukimbiza baiskeli ile mwezi mzima, breki hakuwahi kuzigusa.

"Mikono!" mzee alinguruma. "Bana vidole! Vyote!"

Kiiiii!

Gurudumu la mbele lilisimama karibu na kiatu cha mzee. Bi Omata alikuwa amefumba macho. Mzee Inokuma alilitazama gurudumu, akamtazama Chizuru, kisha kwa mkono wake mmoja akaanza kujipiga paja, pa, pa, pa, makofi ya mtu mwenye mkono mmoja.

"Sasa hiyo," alisema, "ndiyo hodi."

*

Alhamisi mvua ilianza kabla hawajaondoka ofisini. Bi Nagumo alivaa koti la mvua la zambarau, akafunga kofia chini ya kidevu. "Bi Matsuo, tangulia. Jifanye sipo."

Mitaani mambo yalikwenda. Ilibidi ajifunze papo hapo kile ambacho tuta halikumfundisha: mistari myeupe inayoteleza ikilowa, mlango wa gari unaofunguka ghafla, bwana mwenye mwavuli anayetoka dukani akitazama simu. Lori lilimpita karibu, likamwagia maji hadi kiunoni, naye akayumba, akatazama mbali, akanyooka. Moyo ulimdunda kama ngoma ya sherehe. Waliwahudumia wazee wawili wa kwanza. Kisha wakafika chini ya daraja.

Njia ya kupanda ilikuwa ndefu, na upepo wa mtoni ulikuwa ukiishuka kama mwenye nyumba. Waendesha baiskeli wote walikuwa wakifanya kile kinachofanywa hapo siku zote, yaani wanashuka, wanainama, wanasukuma. Nyuma yake Chizuru alisikia Bi Nagumo akishuka.

Yeye hakushuka. Haikuwa jeuri, ilikuwa hofu. Mzee Inokuma alimfundisha kuanza safari penye tambarare tu. Kama angeweka mguu chini kwenye mwinuko huu, asingeweza kuupandisha tena, na Bi Nagumo angeona yote. Basi hakuwa na njia ila juu.

Alikanyaga. Mvua ilimpiga usoni. Alikanyaga mkanyago mmoja mmoja, kama mtu anayepanda ngazi na mkoba wa barua za mtaa mzima, akiusikia mwendo wa zamani wa Yoshiharu uliokuwa ukimtangulia hatua mbili kila walipotoka sokoni, mwendo usio na haraka, usio na kupumzika. Aliwapita waliokuwa wakisukuma. Mwanafunzi mmoja aligeuka, akasema, "Huyu mama!" Mapaja yaliwaka moto. Akafika juu, pale daraja linapolala bapa, akabana breki, kiii, akaweka miguu yote miwili chini, huku miguu hiyo ikitetemeka kama ya ndama.

Bi Nagumo alimfikia baada ya muda, akisukuma, koti limempeperukia kichwani.

"Bi Matsuo! Sisi sote... hushuka... hapo chini! Umejifunzia wapi kupanda hivyo?"

"Nagasaki."

"Nagasaki?" Bi Nagumo alijifuta uso. "Si wanasema huko watu hawajui baiskeli?"

Chizuru aliutazama mto. Maji yalikuwa yamevimba, yana rangi ya chai ya maziwa. Angeweza kucheka tu, mambo yakapita.

"Hawajui," alisema. "Mimi nimejua Jumapili. Ile siku ya mahojiano nilisema daijobu, nikimaanisha sihitaji. Tangu hapo nimekuwa nikiikimbiza. Na leo sikushuka kwa sababu nikishuka mlimani sijui kupanda tena."

Bi Nagumo alibaki mdomo wazi, mvua ikimwingia. "Ukiikimbiza? Ndiyo maana unafika umeloa jasho? Mimi nilidhani una presha. Nimekuandikia ukapimwe!"

"Presha sina."

"Hiyo nimeiona." Bi Nagumo aligeukia upande wa pili, ambako njia iliteremka moja kwa moja hadi mataa ya barabarani, lami iking'aa kwa maji. Chizuru alianza kuwazia sebule ya binti yake, na miguu mifupi ya mkwewe.

"Kule ng'ambo kuna bibi anatungoja," Bi Nagumo alisema hatimaye. "Mteremko ni mkali. Daijobu?"

Chizuru alishika breki, akazijaribu vidoleni. Safari hii hakulitumia neno lenye milango miwili.

"Naweza," alisema.

"Basi tangulia. Na mkono usitoke kwenye breki. Nikikupoteza nitaandika barua ngapi?"

Waliteremka. Chizuru alipiga ukelele mwanzo hadi mwisho, na alipofika chini alisikia ukelele wa pili nyuma yake, wa Bi Nagumo.

Saa za alasiri, kichochoro cha mwisho. Kiii!

"Umechelewa kubana!" sauti ilitoka dirishani kabla hajateremka. "Ingia. Nani huyo mwingine mwenye breki kavu?"

*

Julai, roho za wafu wa Tokyo zilipokaribia kurudi majumbani kwao, kama mila isemavyo hurudi kila mwaka, Mzee Inokuma alimwagiza matango na bilinganya kwa ajili ya marehemu mkewe. Chizuru aliyachoma vijiti vinne vinne kama alivyoelekezwa, vikawa miguu. Tango ni farasi wa kumpanda marehemu, ili aje mbio. Bilinganya ni ng'ombe, ili aondoke polepole.

"Kwetu hatuna hawa," alisema. "Na wafu wetu huja Agosti."

"Mwezi mzima nyuma?"

"Wanapanda ngazi, Mzee."

Agosti ilipofika, jua lilikuwa likizama alipotia baiskeli ya kijani kufuli chini ya jengo lake. Goti lilikuwa na kovu jipya, miguu ilikuwa na uchovu mtamu. Keshokutwa yeye na binti yake wangekuwa Nagasaki, kumsindikiza Yoshiharu kwa mashua na fataki, kama afanyiwavyo kila aliyefariki mwaka huo. Lakini kwanza ilibidi Yoshiharu afike hapa, kwenye picha yake, na nyumba aliyoijua ilikuwa na watu wengine. Njia ya huku hakuwahi kuipita. Ilikuwa ndefu, na tambarare yote.

Kikapuni kulikuwa na tango moja lililonyooka na kipande cha mzizi wa yungiyungi, Bi Omata alimchagulia. Jikoni aliukata mzizi vipande viwili vyembamba, vya mviringo. Katikati kila kimoja kilikuwa na matundu yake yaliyojipanga kuzunguka, mithili ya spoki. Akavichomeka kwenye tango, kimoja mbele, kimoja nyuma. Kijiti kilichovunjwa kikawa usukani. Akakaza macho, akakizungusha kidogo, kikakaa sawa.

Alibaki na vijiti viwili vifupi mkononi. Alivitazama, akavipima kama pedali ubavuni mwa tango, pale chini, kati ya magurudumu. Kisha akavirudisha kwenye droo.

Aliiweka baiskeli ile ndogo barazani, kwenye kizingiti, gurudumu la mbele likielekea ndani. Akaiinamishia kichwa, akauacha mlango wazi, akaketi mkekani kungoja. Chini mtaani mtu alibana breki.